Gari likinasa wakati wa kushusha boti, iogope kamba

Ndugu zangu mnaoshusha boti Kigoma, iwe Kibirizi, Katonga, Ujiji au kule Ilagala, leo nataka tuzungumzie gari kunasa ufukweni. Kazi ya kubeba na kushusha boti nimeifanya miaka mingi, na jambo moja naliamini kabisa: gari likishazama mchangani, hatari kubwa bado haijafika. Inakuja baadaye, watu wakishajaa, kamba ikishafungwa kwenye chuma chochote kilichoonekana, na kila mtu akawa anatoa amri yake.

Kwanza tuelewe kwa nini siku hizi tunanasa sana. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya Malagarasi, Rusizi na mito mingine mingi, lakini pa kutokea ni pamoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo kule Kalemie. Mvua zikiwa kubwa miaka miwili mitatu mfululizo, maji yanapanda na kushuka kwake ni taratibu sana. Kuanzia 2020 wote tumeshuhudia nyumba, vibanda na mialo ikifunikwa. Maana yake ni kwamba pale unaporudisha gari leo huenda palikuwa uani kwa mtu. Chini ya maji kuna misingi ya nyumba, jalala, mashimo ya vyoo. Juu yake mawimbi yameshatandaza mchanga safi, unavutia macho, unasema hapa ndipo. Halafu kuna mabadiliko ya kila mwaka: maji huwa juu kabisa kama mwezi wa tano, baada ya masika, na huwa chini mnamo Novemba. Ufukwe ulioachwa na maji juzijuzi umekauka juu tu, chini bado ni laini.

Kwa hiyo kabla hujaweka giya ya kurudi nyuma, ingia mwenyewe majini na mti mrefu. Choma chini kila hatua, na uifuate njia ya tairi la kulia na ya tairi la kushoto, siyo katikati peke yake. Mti ukigonga pagumu, sawa. Ukizama bila kutumia nguvu, hamia pengine hata kama mwenye boti analalamika kwamba muda unakwenda. Kule karibu na mdomo wa Malagarasi usiingie majini kabla hujawauliza wenyeji, kwa sababu mamba na viboko wapo kweli.

Haraka ndiyo inayotuponza. Mwaka 2024, uvuvi katika ziwa letu ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, boti nyingi zilipandishwa juu zikapigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao, na kupakwa rangi. Siku za kufungua zilipokaribia, kila mtu alitaka kuwa wa kwanza majini. Msimu wa namna hiyo ndio wa kushusha asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, na wa kukataa kushusha mahali usipopajua.

Na hapa niseme ushauri ambao ungeniuliza mmoja tu ningekupa huu: gari lisiguse maji kabisa. Liache juu kwenye ardhi ngumu, weka kabari nyuma ya matairi, halafu fungua tela na ulishushe kwa mikono huku kamba ndefu imara ikiwa imefungwa kati ya tela na gari. Vijana wanaliongoza tela kwa ubavuni, na mmoja anailegeza kamba kidogokidogo, akiwa ameizungusha kwenye nguzo au kwenye mti ili uzito usimburute. Boti ikielea, gari linavuta tela tupu kupanda. Mtumbwi wa mbao usio na tela unashuka kwa magogo chini ya mkuku, ule mti mrefu wa chini ya mtumbwi, kama wazee wetu walivyofanya siku zote. Inachukua muda zaidi, lakini pale pwani yetu inapokata ghafla kuingia kwenye kina, ni bora tela litangulie kuliko Canter nzima. Hili ni ziwa la bonde la ufa, kina chake kinafika karibu mita 1,470, na sehemu nyingi hatua chache tu kutoka ukingoni maji yameshakufunika kichwa.

Kama ni lazima gari lishuke, abiria wote watoke. Dereva afungue vioo na asifunge mkanda. Waya wa taa za tela uchomolewe. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara, na asimame pale dereva anapomwona kwenye kioo cha pembeni.

Haya, limenasa. Unasikia tairi linaanza kuzunguka bila gari kwenda. Toa mguu kwenye resi sekunde hiyohiyo. Mchanga wenye maji ukitikiswa unalegea, na tairi linalozunguka linafanya kazi ya beleshi, linajichimbia. Sekunde kumi za kukanyaga mafuta zinaweza kuigeuza kazi ya dakika tano kuwa kazi ya mchana kutwa, difu, lile bonge la giya katikati ya ekseli, ikiwa imelala juu ya mchanga na matairi yananing'inia kwenye mashimo yake. Vuta handibreki. Kama bomba la moshi liko ndani ya maji, acha injini iungurume taratibu ili maji yasipande. Lakini kama maji yanakaribia njia ya kuvutia hewa, zima mara moja na usijaribu tena kuwasha, kwa sababu injini ikimeza maji inapinda koneki, zile rodi zinazoshika pistoni.

Kisha ondoa mzigo. Boti ielee, ifungwe mbali pembeni na mtu wake wa kuishika. Tela lifunguliwe kutoka kwenye gari. Watu wengi wanang'ang'ania kuvuta vyote vitatu kwa pamoja, wakati gari peke yake huenda lingetoka kwa mabanzi mawili ya mbao chini ya matairi. Hesabu yake ni rahisi: gari la tani tatu na nusu kwenye mteremko wa digrii 15 linakuvuta kurudi ziwani kwa karibu robo ya uzito wake, yaani kama kilo 900, hata kabla hujagusa habari ya mchanga ulioshika matairi. Kila kilo unayoishusha inakusaidia.

Sasa chimba. Chimba mbele ya kila tairi, utengeneze njia ya kupanda taratibu, na utoe mchanga ulio chini ya difu na chesesi, maana huo ndio unaolibeba gari. Kila wimbi linaloingia na kutoka linachota mchanga kuzunguka tairi, kwa hiyo anzeni na tairi za nyuma, zilizo majini, na msimwachie mtu mmoja. Sukuma mabanzi au magunia yenye kokoto mpaka yaguse tairi kabisa. Kama ni pikapu yenye upepo wa PSI 35 au 40, ushushe hadi 18 au 20. Tairi linatandaa, linakanyaga eneo refu zaidi, na mara nyingi hapo gari linatoka lenyewe bila kamba yoyote. Canter iliyobeba mzigo usiishushe hivyo. Dereva aweke giya ndogo, aachie klachi polepole, magurudumu yaelekee mbele moja kwa moja. Na mtu asisimame nyuma ya tairi lenye banzi! Tairi likiteleza linalirusha banzi nyuma kwa nguvu ya kuvunja mguu.

Likikataa, ndipo tunafika kwenye kamba.

Pale Katonga niliwahi kushuhudia lori likivuta pikapu kwa kamba ya nailoni ya boti, nene, mpya kabisa. Upande wa pikapu waliifunga kwenye kile kichwa cha duara cha kufungia tela. Lori lilirudi nyuma likaacha kamba ilegee, kisha likaruka mbele kwa kasi. Kamba haikukatika. Kilichokatika ni kile kichwa cha chuma. Kilipita na kamba juu ya watu waliokuwa wameinama kuchimba, kikatoboa mlango wa nyuma wa lori na kukaa ndani, kwenye gunia la mchele. Niliweka kidole kwenye lile tundu: kingo zake zilikuwa zimekunjamana kwa ndani, na rangi imebanduka pande zote. Vijana wale walisimama wakatazamana. Kama mmoja wao angekuwa amenyanyuka kupumua wakati ule, tungezika.

Kichwa cha kufungia tela kimetengenezwa kukokota tela. Hakikutengenezwa kustahimili mtikiso wa gari lililonasa. Funga kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikwa na chesesi, au kwenye chesesi yenyewe. Bampa hapana, springi hapana, rodi za usukani hapana. Nailoni inavutika, na kwa kuvutika kule inatunza nguvu yote mpaka kitu kimoja kiachie. Waya wa chuma hauvutiki sana lakini ukikatika unachapa. Mnyororo hautoi onyo. Kamba ya katani iliyokaa juani na majini inaweza kuwa nzima nje na imeoza ndani, kwa hiyo ifumue kidogo uangalie nyuzi za katikati. Ukiwa na uwezo, nunua mkanda wa kuvutia ulioandikwa uzito wake, na pingu za chuma zilizoandikwa pia. Usiunganishe kamba mbili kwa kipande cha chuma katikati.

Juu ya kamba, katikati yake, tupa blanketi zito, turubai lililolowa au gunia lenye mchanga kidogo. Kamba ikikatika, uzito ule unaivuta chini. Watu wote, pamoja na watoto wanaokuja kutazama, wakae mbali kwa urefu wa kamba mara moja na nusu, na wakae pembeni. Mbele au nyuma ya kamba si mahali pa mtu. Mtu asiiruke kamba iliyokaza, hata kama anapita tu kwenda kunawa. Hili lisimamie kwa sauti. Mimi huwa nawaambia, "Wadogo zangu, kamba ikikaza, kila mtu arudi kule kwenye mwembe," na sitoi ishara mpaka nione wamefika.

Kuvuta kuwe kwa kukaza polepole, halafu mvuto mmoja wa taratibu. Gari linaloruka kwa kilomita 20 kwa saa linaingiza kwenye kamba nguvu mara nne ya lile linalokwenda kwa 10. Vuta kwa mstari ulionyooka, na dereva wa gari lililonasa asaidie kwa giya ndogo.

Kama una winchi, tafuta mti wenye mizizi ya kweli. Mwembe uliokomaa unafaa, ukizungushiwa mkanda mpana chini kabisa ya shina. Mchikichi usiuamini, mizizi yake ni ya nyuzi na haiendi chini kwa kina. Pasipo mti, zika gogo au tairi la spea likiwa limekaa kukingama na kamba, kwenye shimo la kufika kiunoni, na uchimbie kamba njia yake. Ukiwa na roda, lile gurudumu la kupitishia waya, ifunge kwenye mti, peleka waya mpaka kwenye mti na uurudishe kwenye gari, na winchi itahitaji karibu nusu tu ya nguvu.

Trekta ni msaada mzuri, ila kamba ifungwe chini, kwenye chuma chake cha kuvutia. Ukiifunga juu ya ekseli ya nyuma, trekta linanyanyua pua na kumfunika dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi.

Likitoka, usikimbilie barabara ya Kasulu. Jaza upepo kwanza. Kanyaga breki mara kadhaa ukienda polepole mpaka zikauke. Kisha angalia oili ya difu, maana difu lenye joto likiingia kwenye maji baridi linapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo uweke nyingine. Usiimwagie ufukweni, maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa mjini. Grisi ya bearingi za tela uikague pia, kwa kuwa tela huingia majini kila safari na ndilo tunalolisahau. Na mkanda wako ukishavuta gari, uoshe mchanga kwa maji safi, uanike kivulini, uupitishe mkononi wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikuta pamekatika nyuzi, ukate vipande ili mtu mwingine asije akautumia tena.