Ndugu mwanakwaya, usikariri rekodi ya Handel

Tangu Pasaka simu yangu haipumziki. Binti ninayemfundisha aliimba kanisani "I know that my Redeemer liveth" (Najua kwamba Mteteaji wangu yu hai), wimbo wa msoprano kutoka Messiah, kazi ya kwaya na okestra ya mtunzi Handel, na klipu yake imezunguka kwenye magrupu ya kwaya mpaka ikanirudia mwenyewe. Najivunia, sifichi. Ila karibu kila ujumbe una swali lilelile: "Mwalimu, mlifuata rekodi ipi?"

Hatukufuata hata moja. Tulisikiliza nyingi, na kusikiliza ni kazi nyingine kabisa.

Anza na ufunguo. Handel aliuandika wimbo huu kwenye E meja, yaani doh ni E. Keti kwenye kinanda, fungulia rekodi mbili tatu, utafute doh. Baadhi zitakubaliana na kinanda chako. Nyingine, hasa za wanamuziki wanaotumia ala za namna ya zamani, utaikuta doh yao kwenye E-flati. Kinanda chako ni kizima na mwimbaji hajashuka. Wanamuziki hao huweka noti yao ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde, wakati vinanda vyetu vimewekwa 440, na tofauti hiyo ni nusu toni. Sasa, noti ya juu kabisa ya wimbo ni G-shapu, pale anapoimba kwamba Kristo amefufuka. Msoprano unayemsikia kwenye rekodi ya 415 anaimba kile ambacho kinanda chako kinakiita G. Wewe unamlazimisha dada wa watu aifikie G-shapu halisi, tena baada ya misa ya mkesha, kisha unamlaumu kwamba anapiga kelele.

Sisi tulishusha doh hadi D. Mwalimu mmoja akasema mbele za watu kwamba nimemharibu Handel kwa sababu sina waimbaji. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma. Handel mwenyewe alikuwa akizibadilisha nyimbo za Messiah kulingana na mwimbaji aliyekuwa naye. "But who may abide" aliiandika upya mwaka 1750 kwa ajili ya sauti ya Gaetano Guadagni, mwanamume aliyeimba sauti ya alto, ingawa hapo mwanzo ilikuwa ya besi. Kama mtunzi aliijali koo ya mwimbaji wake, mimi ni nani nisiijali?

Kuhusu mwendo, juu ya nota ameandika Larghetto, mapigo matatu kwa baa: taratibu, lakini si kuburuta. Humo ndani kila mwimbaji amejichukulia nafasi yake. Zipo rekodi za dakika sita hivi, zipo zinazokokota zaidi. Tena kumbuka kwamba sahani za zamani za santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile kubwa za inchi 12, zilibeba dakika nne na kidogo kwa upande, hivyo wimbo kama huu uligawanywa pande mbili. Usidhani kila mwendo unaousikia kwenye rekodi umetoka moyoni mwa mwimbaji. Mwingine ni hesabu za mafundi waliotaka wimbo utoshe kwenye sahani.

Mwendo wetu tuliupata mezani. Nilikuwa napiga kiganja kwenye pigo la kwanza la kila baa, binti anatamka maneno bila kuimba, hasa ile sentensi ndefu inayosema Mteteaji atasimama juu ya nchi. Nikienda polepole anaiba pumzi katikati. Nikiharakisha maneno yanagongana. Tulipofika mahali ambapo alimaliza sentensi akiwa bado ana akiba ya pumzi, nikasimama hapo. Ndipo nikafungua metronomu ya simu kuangalia namba. Namba sikutajii, kwa sababu ni ya mapafu yake.

Hisia ndiyo wengi wanaikosa. Wanaimba kama wanabembeleza mtoto, kwa kuwa rekodi waliyoipenda ina sauti tamu. Soma Ayubu 19. Anayesema "Mteteaji wangu yu hai" amefiwa na watoto, mwili wake umeoza, na rafiki zake wanamsuta. Kisha tazama Handel ameuweka wapi wimbo: mwanzo wa sehemu ya tatu, mara tu baada ya "Hallelujah" na trumpeti zake. Ngoma zimenyamaza, violini zote zinapiga mstari mmoja juu ya besi. Mtu mmoja anasimama na kutoa ushuhuda. Na E meja hiyo ndiyo ya "Comfort ye", wimbo unaofungua Messiah baada ya utangulizi wa ala, sauti ya kwanza ya mwanadamu kusikika katika kazi yote. Anayejua hayo hawezi kuurembaremba. Wapendwa, tuache kuimba Neno la Mungu kwa mapambo ya kuazima. Ukimwiga mzungu wa kwenye spika utapata mtetemo wa sauti yake, lakini imani yake hutaipata, na waumini wanasikia tofauti hiyo hata kama hawajui solfa.

Sikiliza rekodi, rudia tena kusikiliza, kisha uzime wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Andika doh na mwendo kwa penseli juu ya karatasi ya mpiga kinanda, naye awe nayo mapema. Utangulizi wa wimbo huu ni mrefu, na yeye ndiye anayeweka mwendo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Akianza kwa kasi ya rekodi aliyoizoea, mazoezi yenu yote ya mezani yamepotea.