Je, Maumivu Yangu Ni Mawazo Tu?

SWALI: Mhariri, mgongo umeniuma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Eksirei haikuonyesha kasoro, na jamaa zangu wanasema ninawaza kupita kiasi. Je, wana haki? — Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Maumivu yako ni ya kweli, na jamaa zako hawakutendei haki. Mwaka 1965, watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, ambalo huruhusu au kuzuia ishara za maumivu, na kwamba ubongo, pamoja na hofu na matarajio yake, huchangia kulifungua au kulifunga. Ndiyo maana maumivu sugu, yaani yanayozidi miezi 3, yanaweza kuendelea hata pasipo jeraha linaloonekana. Anayeogopa kwamba kila akiinama ataumia huacha kujishughulisha, misuli ikadhoofika, huzuni ikaingia, na maumivu yakazidi. Tiba ya kisaikolojia hulenga mzunguko huo: mgonjwa hurejea shughuli zake hatua kwa hatua, huku akijifunza kuyapima upya mawazo yanayomtisha. Haiahidi kuyaondoa maumivu yote, ila huwarudishia wengi maisha yao. Mwombe daktari akuelekeze kwa mwanasaikolojia na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Lakini ukihisi ganzi mapajani au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.