Kwa mnaoanza umenta: swali la kwanza sio swali lenyewe

Haya, wale mliochaguliwa kuwa wamenta, yani wanafunzi wakongwe wa kuwashika mkono wageni wa mwaka wa kwanza hapa chuoni, hongereni, na poleni kidogo pia. Mimi nimeifanya hii kazi misimu miwili mfululizo na saivi nakabidhi, sasa kabla sijarudisha ufunguo wa kabati la fulana na vitambulisho acha niwaachie niliyoyaona, maana mafunzo mtakayopewa ni mazuri ila yanakazania sana ramani ya chuo, na ramani ya chuo mtu ataizoea mwenyewe ndani ya wiki hata akipotea mara tatu.

Kitu kikubwa nilichojifunza ni kwamba mgeni hakuulizi swali lake la kweli mara ya kwanza. Atakuuliza maktaba inafungwa saa ngapi, unamjibu saa nne usiku, anasema asante, halafu hasogei. Kazi yako iko hapo kwenye kutosogea. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa najibu fasta kama mtu wa mapokezi, najiona najua kila kitu, nina foleni ndefu mbele yangu na aisee niliipenda ile foleni, kumbe kati ya watu wangu kumi na wawili, wawili walishaacha kuingia darasani tangu wiki ya nne na mimi nimekuja kujua wiki ya kumi. Na wote wawili walinifuata wiki ya kwanza kabisa wakaniuliza kitu. Mmoja aliuliza kama mtu anaweza kubadili kozi. Nikampa jina la fomu, nikampa ofisi ilipo, nikampa na tarehe ya mwisho. Kila nilichomwambia kilikuwa sahihi.

Saivi mtu akiniuliza habari za kubadili kozi namuuliza tu, "kwani hii imekuaje?", halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu jamani, nyie mtaona, sekunde tano zinakuwa kama saa. Lakini mara nyingi ndo hapo anasema kozi alichaguliwa na mjomba, au kwamba lekcha ya kwanza hakuelewa hata sentensi moja na alipogeuka akaona wenzake wote wanatikisa kichwa kukubali.

Hao wenzake nao walikuwa hawaelewi, ila yeye atajuaje. Ndo kinachowaficha watu, kila mmoja anadhani yeye peke yake ndo kaingia kwa bahati mbaya na siku moja watamgundua. Hii hali ina jina, kwa Kiingereza impostor phenomenon, na sio jipya, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandika mwaka 1978 baada ya kuongea na wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wanafanya vizuri kabisa kwenye masomo na kazi zao, na bado walijiona kama wamewadanganya watu kufika walipofika. Kwa hiyo ukimwona dogo aliyekuja na maksi za kutisha hata haongei kwenye kikundi usidhani anaringa.

Kuna utafiti mwingine naupenda zaidi kwa sababu unatuhusu sisi moja kwa moja. Wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen waliutoa mwaka 2011, waliwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja Marekani wakawapa wasome maelezo ya wanafunzi waliotangulia, yanayosema mwanzoni nilihisi hapa sio kwangu, nikahangaika, baadae ikaisha. Halafu wakawaambia na wao waandike kwa maneno yao kwa ajili ya watakaokuja nyuma. Zoezi zima kama saa moja. Wanafunzi weusi waliofanya lile zoezi maksi zao zilipanda na zikaendelea kuwa juu kwa miaka mitatu ukilinganisha na wenzao ambao hawakulifanya, na cha kuchekesha ni kwamba walipokuja kuulizwa mwishoni wengi hawakuona kama zoezi lile lilikuwa na mchango wowote. Sasa wewe menta zoea hiyo, mtu utamsaidia na hatakumbuka kama ulimsaidia.

Ila angalieni vizuri yale maelezo yalikuwaje. Yalikuwa na mwanzo mbaya na yalikuwa na muda ndani yake. Mimi siku ya kujitambulisha msimu wa kwanza nilisimama nikasema nasoma nini, nina GPA ngapi, niko klabu gani, yani nilikuwa najitangaza kama bidhaa, na nadhani hapo nilishawafungia mlango nusu ya wale watu. Msimu wa pili nilianza na testi yangu ya kwanza ya takwimu, nilipata 31 kwa 100, nikasema niliificha ile karatasi chini ya godoro kana kwamba kuna mtu angekuja kukagua. Walicheka. Jioni ile ile watatu walinitumia meseji. Msiseme tu "usijali utazoea", hilo neno halina kitu ndani, semeni mlizoea lini na kabla ya hapo ilikuwaje, na kama kuna kitu mpaka leo hamjakizoea semeni pia.

Kuhusu muda. Wiki ya kwanza haina shida, kuna muziki, kuna fulana, kila mtu ni rafiki wa kila mtu. Shimo liko wiki ya tatu mpaka ya sita hivi, makelele yameisha, asaimenti za kwanza zinadaiwa, marafiki wa wiki ya kwanza wameshajigawa makundi yao na kuna mtu kabaki nje, na kipindi hicho hicho ndo wamenta wengi tunapotea kwa sababu na sisi tuna testi zetu. Pangeni kalenda yenu kinyume, nguvu kidogo mwanzoni, nyingi huko katikati. Na msitume "mko poa?" kwenye grupu, utapata vidole gumba kumi na viwili na hakuna aliye poa. Mtumie mtu mmoja mmoja kitu kinachoonyesha unamkumbuka, "ile maabara ya Jumanne uliyosema inakuchosha imeendaje?", hapo atakujibu, na asipojibu siku mbili mfuate, usitume alama ya kuuliza.

Msaada wa masomo sasa. Kosa kubwa linalofanyika ni kuutangaza kama msaada wa wanaofeli, hapo hakuna atakayekuja, hasa yule anayefeli. Kuna utaratibu ulianzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City, Marekani, akili yake ni nzuri sana, badala ya kutafuta wanafunzi dhaifu wao walitafuta masomo magumu, yale ambayo kila mwaka yanaangusha watu wengi, wakamchukua mwanafunzi aliyeshalipita vizuri akae tena darasani na wageni halafu aongoze vipindi vya kujadili, na mlango uko wazi kwa kila mtu. Anayekuja haonekani mjinga maana kinachotibiwa ni somo, yeye hana ugonjwa. Mwaka jana tulibadilisha tangazo tu, tukatoa yale maneno ya "wenye changamoto" tukaandika jina la somo na chumba na saa, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni.

Halafu kuna kitu kidogo kinaitwa kwenda na mtu. Ukimwambia nenda ofisini kwa lekchara ukaulize, hataenda, ataenda mpaka mlangoni ataona umefungwa kidogo atarudi. Mpeleke. Mara ya kwanza tu. Njiani muulize atasemaje akifika, ajaribu sentensi ya kwanza mkiwa mnatembea, mkifika wewe kaa nje kwenye benchi. Mara ya pili ataenda mwenyewe na ya tatu hata hatakuambia. Lakini asaimenti yake usiiguse, mimi niliwahi "kurekebisha kidogo" insha ya mtu usiku wa manane na asubuhi nilipoisoma tena ilikuwa insha yangu yenye jina lake, ilibidi nimwombe aiandike upya na tulinuniana wiki nzima.

Haya tuje kwa wazazi na walezi, hapa ndo hamtafundishwa kabisa na hapa ndo mimi niliharibu.

Siku ya kuripoti mzazi atakuuliza ulinzi ukoje, mabweni yanafungwa saa ngapi, kama kuna zahanati. Jibu, ni maswali halali. Ila mtazame akiwa anauliza, anamwangalia mtoto wake, hakuangalii wewe. Swali lake ni kama huyu mtoto ataweza, na chini yake kuna lingine hawezi kulisema mbele za watu, kwamba na mimi kuanzia leo nafanya nini. Nimeona baba mzima anatandika kitanda cha bwenini, anakitandua anakitandika tena, kwa sababu akimaliza inabidi aondoke. Msiwafukuze watu kama hao na ratiba mkononi. Wapeni kazi. Mimi nilikuwa nawaambia wazazi, wiki mbili za kwanza atawapigia akilia au akilalamika, na akishakata simu yeye anaenda kula na wenzake anacheka, nyinyi ndo mnabaki hamlali, kwa hiyo kabla hamjapanga safari ya kumfuata muulizeni kesho yake asubuhi amelalaje. Na badala ya "umepata ngapi" ulizeni "wiki hii kitu gani kimekuchanganya", hilo linajibika hata siku mbaya.

Mzazi ambaye hakupita chuo ana tatizo lake jingine, anaona ratiba ina vipindi kumi na tano kwa wiki anasema sasa saa nyingine zote mnafanya nini huko, si urudi usaidie nyumbani. Mwanafunzi anakasirika, anaona haeleweki, na ugomvi unaanza. Hapo hesabu inasaidia kuliko maelezo. Vyuo vya Ulaya kwa mfano mwaka mzima wa masomo una krediti 60, na kila krediti inahesabiwa ni saa 25 mpaka 30 za kazi, darasani pamoja na kujisomea, kwa hiyo ni saa 1500 mpaka 1800. Gawa kwa wiki 40 unapata kama saa 37 na nusu mpaka 45 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili. Nilimwandikia mzee mmoja nyuma ya bahasha, akaikunja akaiweka mfukoni, akamwambia kijana wake basi nitakuwa napiga jioni.

Sasa nilivyoharibu. Mama wa mmoja wa watu wangu alichukua namba yangu siku ya kuripoti, akawa anapiga, mama mpole sana, ananiita mwanangu, anauliza anaendeleaje. Wiki ya saba akauliza kama kijana anaingia darasani na mimi nikasema ukweli, kwamba haingii sana. Niliona nasaidia. Usiku ule kijana alipigiwa simu na ukoo mzima, na kesho yake aliponiona alipita upande wa pili wa barabara, hakunisalimia mpaka mwaka umeisha, na mbaya zaidi aliacha kuongea na wamenta wote, sio mimi tu. Marekani kuna sheria tangu 1974 inayosema mtu akishaanza chuo haki ya rekodi zake za masomo inahama kutoka kwa mzazi inakuwa yake mwenyewe, kwingine sheria ni tofauti, lakini hata pasipo na sheria jiulize, ungependa menta wako aongee na mama yako bila wewe kujua? Saivi mzazi akinipigia namsikiliza, na nasema "mama hilo akikuambia mwenyewe litakuwa vizuri zaidi, nitamwambia umepiga", halafu kweli namwambia, na namuuliza kama anataka nikae naye wakati anapiga. Wawili walikubali. Mmoja aliongea dakika arobaini mimi nikiwa nahesabu matofali ya ukutani.

Kuna siri moja tu haitunzwi na muiseme mapema kabla hamjaambiwa chochote: mtu akiwa kwenye hatari ya kujidhuru au kudhuriwa, hiyo inaenda kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo. Ukihisi mtu anafikiria kujiua muulize wazi wazi, kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, na usimwache peke yake mpaka umkabidhi kwa mtu mwenye taaluma. Wewe sio daktari. Na simu yako iwe na saa za kufungwa, isipokuwa kwa hilo.

Mtachoka, hilo sitawaficha, na kuna watu hamtawafikia hata mfanye nini. Wale wawili wangu wa msimu wa kwanza mmoja aliacha chuo moja kwa moja na simjui alipo. Yule wa kubadili kozi alibadili, kachelewa mwaka mmoja, na juzi nimemkuta mapokezi anajiandikisha kuwa menta, yuko kwenye hili grupu lenu saivi anasoma hii. Muulizeni maktaba inafungwa saa ngapi.