Meneja kufungua lebo yake: pa kuangalia kabla ya kutoa wimbo wa kwanza

Mkuu, umesema unasimamia msanii mmoja, umechoka kubembeleza lebo za watu na sasa unataka ya kwako. BRELA (usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni taratibu za kawaida, utazimaliza. Lebo za mameneja zinafia kwenye makaratasi kati ya meneja na msanii wake mwenyewe.

Tenganisha mikataba: wa umeneja peke yake, wa kurekodi peke yake, kila mmoja na muda wake. Msanii aje na wakili wake, siyo wako. Sasa piga hesabu. Wimbo umeingiza milioni 10, studio, video na promo vimekula milioni 4. Zinabaki 6, mnagawana nusu kwa nusu, msanii anapata 3. Ukimkata tena asilimia 20 ya umeneja, laki 6 zimetoka kwenye mapato ambayo fungu lako ulishachukua. Iandikwe wazi kwamba kamisheni ni ya shoo, matangazo na ubalozi, mapato ya lebo haiyagusi. Na orodhesha gharama zinazorudishwa kwanza, maana mafuta ya gari lako yakionekana humo ugomvi umeanza.

Habari za "sisi ni ndugu, tutaelewana" achana nazo. Mfano, Factory Records, lebo ya Manchester, Uingereza, ambayo Rob Gretton, meneja wa bendi ya Joy Division na baadaye New Order, alikuwa na hisa ndani yake, ilianguka mwaka 1992. Lebo nyingine, London Records, walipotaka kuinunua wakakuta rekodi ni mali ya wanamuziki, lebo haina cha kuuza. Wasanii walisalimika. Gretton naye tayari alikuwa na lebo yake, Rob's Records, tangu 1990. Kwa mtaji mdogo, mimi ningechukua leseni ya masta (rekodi zenyewe za nyimbo) kwa miaka 5 hadi 7, kisha zirudi kwa msanii. Kudai umiliki wa milele kwa video moja ni tamaa.

Studio: karatasi ya mgawanyo isainiwe siku hiyohiyo ya kurekodi. Majina ya kwenye kitambulisho, nani kaandika, nani katunga, prodyuza ana asilimia ngapi, jumla 100. Malipo ya mwisho yasitoke kabla hujapokea WAV (faili la sauti lenye ubora kamili) ya mwisho na vipande vyote vya sauti kwenye hadidiski yako. Kisha sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, ina herufi na tarakimu 12, na kila rekodi ina ya kwake. Remiksi inapewa mpya. Ukihama msambazaji (kampuni inayopeleka nyimbo zako Spotify na kwingineko), pandisha faili ileile kwa ISRC ileile, subiri ionekane hewani ndipo ufute ya zamani. Ukikosea, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri.

Biti uliyonunua mtandaoni kwa leseni isiyo ya kipekee usiiweke kwenye Content ID ya YouTube, mfumo unaotambua sauti ya mtu kwenye video za wengine. Wenzako walionunua biti hiyohiyo watapigwa madai, nao watakurudishia, mapato yakwame. Kava iwe pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala jina la Instagram, la sivyo itakataliwa.

Pandisha wimbo kwa msambazaji wiki 4 kabla ya kutoka. Ombi la pleilisti za Spotify linapaswa kuingia angalau siku 7 kabla, na ukipandisha Jumatano kwa ajili ya Ijumaa, umeshachelewa.