Anko, hizi namba za mabomu zinasomwaje?

SWALI: Shikamoo anko. Mi niko Tanga, Ngamiani, nauza steshenari, natoa kopi na kuprinti barua za watu. Dukani tuna kompyuta ya zamani bado ina Windows XP, basi wateja wakikata nafungua Minesweeper, ile gemu ya viboksi vyenye namba na mabomu yaliyojificha. Ile ndogo ya mabomu 10 namaliza freshi tu, shida ni ya kati yenye mabomu 40. Juzi nimebakiza kidogo nimalize nikakuta namba zimejipanga 1, 2, 1 chini ya mstari ambao haujafunguliwa. Nikasema hapa mbona simpo, 2 ndo kubwa kwa hiyo bomu liko juu yake, nikabonyeza juu ya 1. Likalipuka! Bosi kacheka mpaka mteja wa kopi akageuka, anasema hii ni bahati nasibu tu haina akili yoyote. Tumewekeana chipsi mishikaki. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, ila hapo ulipolipukia palikuwa na jibu kabisa, tena la uhakika.

Kosa lako ni kuisoma 2 peke yake. Namba haikuambii bomu liko wapi, inakuambia yako mangapi kwenye viboksi vinavyoizunguka, na kwenye mstari ulionyooka kama huo kila namba inagusa vitatu vya juu: cha kulia, cha kushoto na cha kati. Sasa fanya kama bomu liko juu ya 2 kama ulivyodhani. Kiboksi hicho zile 1 mbili nazo zinakigusa, kwa hiyo zote zimeshashiba, hazitaki bomu lingine. Na 2 je? Itapata wapi bomu lake la pili wakati viboksi vyake vingine vyote ni vya hao majirani walioshiba? Haiwezekani. Basi juu ya 2 ni salama, mabomu yako juu ya zile 1, na viboksi viwili vya pembeni kabisa, kulia na kushoto, unafungua bila hata kupumua mara mbili. Yaani ulikuwa na vitatu vya bure mkononi ukaenda kukanyaga cha nne 😅

Hiyo 1, 2, 1 wazoefu wanaijua kwa macho tu, ila mi sipendi mtu akariri, kwa sababu kesho utakuta 2, 3, 2 na utaganda, kumbe kila namba pale inagusa bomu moja ambalo ulishaliwekea bendera, ile alama ya kusema hapa kuna bomu. Ukitoa moja moja inabaki 1, 2, 1 ileile. Toa kwanza yanayojulikana ndo uanze kufikiria. Na ukiona 1 imekaa jirani na 2, viboksi viwili wanavyochangia haviwezi kubeba zaidi ya bomu moja, maana 1 haitaki, kwa hiyo kile cha tatu ambacho 2 inakigusa peke yake lazima ni bomu. Hata ile 1, 2, 1 ukiiangalia vizuri ni hii hii imetokea mara mbili.

Kuanza nako, watu wengi wanaanzia katikati sijui kwa nini. Kiboksi cha kona kina majirani 3, cha katikati 8, na kiboksi kisicho na bomu jirani ndo kinachofungua wenzake chenyewe. Kwenye ubao wako wa 16 kwa 16, ukianzia kona ni takriban mara 60 katika 100 utafungukiwa uwanja mpana, katikati ni kama 25 tu.

Haya, bosi. Naye kuna mahali ana haki, ila si pale alipochekea. Kuna wakati vinabaki viboksi viwili, bomu moja, na namba zote zinakubali huku au kule, hapo hata profesa anabahatisha. Kabla hujabahatisha angalia ile hesabu ya juu kushoto inayoonyesha mabomu yaliyobaki, wengi wanaisahau. Kama bendera zako zote ziko sawa na inasoma 0, vyote vilivyobaki ni salama. Na ukiona hiyo kubahatisha haikwepeki, bahatisha mapema, usiiache mwisho ukapoteza nusu saa yako.

Halafu mwambie mwaka 2000 mwanahisabati Richard Kaye wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alithibitisha kwamba kujua kama namba za ubao wa Minesweeper zinaweza kukubaliana ni swali la kundi ambalo mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kulijibu kila mara, hata kwa kompyuta.

Chipsi atoe yeye, mishikaki changieni.