Maswali ya Wasomaji: Shenili ya Kukata

SWALI: Nilipanga vitambaa vitano vya pamba, nikashona mistari sambamba, kisha nikakata katikati ya mistari ili kingo zichanue. Baada ya kufua, nyuzi zimechomoka mafungu mafungu na mahali pengine kitambaa cha chini kimebaki uchi. Nimekosea wapi?

JIBU: Bila shaka mistari yako ilifuata mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) au mshindio (nyuzi za upana). Mstari ukienda sambamba na mtande, nyuzi za mtande zilizo kati ya ukingo na mshono hazikupitiwa na sindano hata mara moja. Zikilowa na kusuguliwa, zinatoka mmoja baada ya mwingine mpaka mshono uzizuie. Ukishona hanamu, yaani mshazari wa digrii 45 na nyuzi, kila uzi unakatiza mshono na kubanwa hapo, kwa hiyo ncha inachambuka lakini shina linabaki. Ndipo unapatikana ule unyoya uliofanya kazi hii iitwe shenili, neno la Kifaransa lenye maana ya kiwavi.

Anza upya hivi. Weka chini kitambaa kizima kisicholegea, kiwe kikubwa kuliko vya juu kwa sentimita 3 hivi kila upande. Juu yake panga vitambaa vinne vyepesi, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Chora mstari wa kwanza katikati, kona hadi kona ikiwa kipande ni mraba, na mingine kila baada ya sentimita 1.2. Chini ya milimita 8 mkasi hupita kwa shida. Ukizidi sentimita 2 kingo zinalala kama matambara. Tumia sindano namba 90 na hatua (urefu wa kila mshono) ya milimita 2 hadi 2.5. Hatua ndefu haishiki nyuzi vizuri. Shona mstari wa katikati kwanza, halafu nenda nje upande mmoja, kisha mwingine. Ukianzia pembeni, vitambaa vya juu vinasukumwa na vinafika mwisho vikiwa na mikunjo, na mkunjo ulioshonewa ndani hautoki kwa pasi.

Kata vitambaa vinne vya juu tu, kwa mkasi mdogo wenye ncha butu. Kazi hii haitaki haraka. Kisha loweka, sugua kwa brashi ya nguo kufuata mikato, kung'uta, anika. Uchanuaji kamili huja baada ya kufua mara mbili au tatu. Ukitumia mashine, tia kazi ndani ya foronya iliyofungwa, maana vumbi la nyuzi huziba mabomba.

SWALI: Juu niliweka kitambaa cha maua mekundu ya kuvutia, lakini kazi imetoka rangi ya kijivujivu. Je, rangi ilichuja?

JIBU: Huenda, lakini kwanza geuza mabaki ya kitambaa hicho. Kama nyuma ni nyeupe, rangi ilichapwa upande mmoja, na ukingo ukichanua weupe huo ndio unaojitokeza. Maua yenyewe pia hayabaki maua, kwani jicho linaona kingo za vitambaa vyote vinne zikiwa zimechanganyika. Nyekundu na kijani kibichi vikikaa pamoja vinazaa rangi ya udongo. Chagua vilivyotiwa rangi pande zote mbili, vitatu vya rangi za jamaa moja na kimoja cha rangi tofauti ya kuzichokoza, na hicho cha nne kisiwe cha chini kabisa, kitamezwa. Shona kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 na ukifue. Watu huruka hatua hii, kisha wanalia na mita tatu.

SWALI: Poliesta inafaa?

JIBU: Juu, hapana, mara nyingi ukingo wake unaning'inia bila kuchambuka. Pamba na reyoni zinafaa zaidi.

SWALI: Mkasi umetoboa kitambaa cha chini. Nifumue yote?

JIBU: Usifumue. Kabla ya kufua, bandika kwa pasi kiraka chenye gundi upande wa nyuma, kipite tundu kwa sentimita 2 kila upande, kisha rudia kushona mistari miwili inayolizunguka tundu.