Sanduku la Fundi: Mfarishi wa Viraka vya Batiki

Barua nyingi za safari hii zinalalamika jambo moja kwa sura tofauti: mbona batiki ikikatwa vipande na kushonwa mfarishi (tandiko la kitanda la tabaka tatu) inaleta visa ambavyo kitenge hakileti? Tumechagua sita.

Nilishona mfarishi wa batiki ya buluu na bafta nyeupe. Kuufua mara ya kwanza tu, nyeupe ikawa buluu mpauko. Na batiki niliiloweka usiku kucha kwenye chumvi na siki kabla ya kukata! Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Chumvi na siki hazikukuharibia kitu, ila hazina kazi hapa. Batiki nyingi za kwetu hutiwa rangi ya unga inayochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti. Rangi hiyo peke yake haiyeyuki majini; kemikali hizo mbili ndizo zinazoilegeza hadi ipenye kwenye nyuzi. Kitambaa kikitolewa na kutandazwa, hewa inairudisha rangi katika hali ya kutoyeyuka, nayo inanasa humo humo. Ndiyo maana batiki hutoka kwenye beseni na rangi moja, na dakika chache baadaye ukaiona nyingine. Inayochuja ni ile ya ziada iliyotuama juu ya nyuzi kama vumbi, kwa kuwa mtengenezaji alisuuza haraka haraka. Vumbi hilo dawa yake ni sabuni na maji ya moto.

Kwa hiyo, kabla mkasi haujagusa kitambaa: chemsha maji lita 10, tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, tumbukiza rangi moja moja, koroga kwa mti dakika 10 hadi 15, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Halafu jaribu: lowesha kona, ilaze katikati ya vipande viwili vya bafta, ipige pasi ya moto hadi ikauke. Bafta ikipata doa, rudi kwenye sufuria. Ikipata doa baada ya kuchemsha mara tatu, kitambaa hicho kitumie kwa mkoba wa sokoni, mfarishi ukisahau.

Huo ulioharibika una nafuu kama haujapigwa pasi. Uloweke saa 8 hadi 12 kwenye maji ya moto yenye sabuni, mengi kiasi cha kuufunika wote bila kujikunja. Kwenye maji mengi rangi iliyotoka huelea mbali na kitambaa. Kwenye maji haba inarudi na kushika panapo weupe. Mwaga, rudia. Jiki usiiguse, itakula rangi ya batiki yenyewe.

Kitanda changu ni 5 kwa 6. Ninunue batiki kiasi gani? (Msomaji, Morogoro)

Futi 5 kwa 6 ni inchi 60 kwa 72. Ukitaka mfarishi uning'inie inchi 12 kila ubavu na inchi 12 miguuni, unapata 84 kwa 84, mraba kamili. Gawa kwa viraka vya inchi 6: 14 kwa 14, jumla 196. Kila kiraka kikate inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande.

Batiki ya upana wa inchi 45, ukitoa kingo za kiwandani, inabaki kama 43. Mstari mmoja unatoa viraka 6. Ukichukua nusu ya rangi iliyokolea na nusu iliyo nyepesi, kila aina inahitaji viraka 98, yaani mistari 17 ya inchi 6 na nusu, ambayo ni inchi 110 na nusu, karibu meta 2.8. Nunua meta 3 na robo za kila aina, maana batiki ikichemshwa inarudi, yaani inapungua. Inarudi kiasi gani inategemea mfumo wa kitambaa, kwa hiyo pima mwenyewe: kata sentimeta 20 kwa 20, chemsha, kausha, pima tena.

Mgongoni tumia marekani. Inapaswa kuzidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani 92 kwa 92, na hapa ndipo wengi wanapokwama: vipande viwili vya upana wa 45 vikiunganishwa havifiki 92. Tafuta marekani ya inchi 60, meta 5 zinatosha kwa vipande viwili. Upapi wa kufungia ukingo unakula sentimeta 60: mistari 9 ya inchi mbili na nusu.

Jambo moja la kuchunga sana ni ile robo inchi. Mshono wako ukinenepa kidogo tu, ukala sentimeta 0.3 zaidi kila mahali, mishono 13 inayounganisha viraka 14 vya mstari mmoja inakupunguzia karibu sentimeta 4, na mstari huo hautalingana na wa jirani yake aliyeshonwa kwa uangalifu. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kitembee kwa kukigusa. Paterni ya boksi nayo hulika pembeni kila ukiichora. Ya karatasi ya eksirei ya zamani inadumu. Kwenye batiki ya giza chora kwa kipande chembamba cha sabuni, maana chaki nene inaongeza upana bila wewe kujua.

Mishono inajikunja kama ngozi ya mzee, na nikifumua vinabaki vitundu. Cherehani yangu haina shida kwenye kitenge. (Fundi, Mwanza)

Angalia sindano. Mafundi wengi wanaacha namba 14 au 16 ndani ya cherehani mwaka mzima. Batiki nzuri hufumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana. Zile za Java zimebanana zaidi, kwa kuwa nta inayochorwa kwa canting (kikalamu cha kumiminia nta) inahitaji kitambaa laini ili mstari usitawanyike. Sindano nene ikiingia humo inasukuma nyuzi pembeni na hazina pa kwenda, ndiyo mikunjo hiyo. Weka namba 11 mpya yenye ncha kali, uzi wa pamba mwembamba, mishono 11 au 12 kwa inchi. Legeza kidogo uzi wa juu. Ukisikia sindano inatoa mlio wa "tok, tok", imebutuka, badilisha. Vitundu vya kufumua: lowesha, kwaruza kwa ukucha kwenye mtande (nyuzi za urefu) na kwenye mshindio (nyuzi za upana), piga pasi. Vingi hufunga.

Nimechanganya batiki 12, kila moja peke yake inapendeza. Zikiwa pamoja, nikisimama mlangoni naona tope. (Msomaji, Nairobi)

Umechagua kwa rangi, ukasahau giza na mwanga. Batiki ina mawingu, madoa na ile mishipa inayotokea nta ikipasuka; kwa mbali vyote hivyo huyeyukiana. Nyekundu na kijani zenye ukolezo sawa, ukirudi nyuma hatua nne, ni kitu kimoja. Zitandaze sakafuni, zipige picha kwa simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Kwenye picha zitajigawa zenyewe: zilizokolea, za kati, nyepesi. Pengine utakuta 9 kati ya 12 ni za kati. Punguza hizo zibaki 3 au 4, ongeza nyepesi mbili za kweli, hata kama ni bafta iliyochovywa rangi kidogo tu.

La pili ni ukubwa wa chapa. Muhuri wa samaki wa inchi 9 ukikatwa viraka vya inchi 6 unakupa mkia hapa, jicho pale, na mtu hajui anatazama nini. Toboa dirisha la inchi 6 kwenye karatasi ya kaki na ulitembeze juu ya kitambaa kabla ya kukata. Usipoona kitu kinachojitosheleza ndani ya dirisha, batiki hiyo ikate vipande vikubwa vya inchi 10 au 12 uviweke katikati, na viraka vidogo vivizunguke.

Faida moja ambayo kitenge cha kuchapwa upande mmoja hakikupi: batiki ya kuchovya ina rangi karibu sawa mbele na nyuma. Pembetatu uliyokata kinyume unaigeuza tu.

Dar ni joto. Ndani niweke nini? Na nitashonaje tabaka tatu kwa cherehani ya miguu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Blanketi jembamba la pamba, lililofuliwa kwanza. Sufi na pamba ya mito tunazikataa kabisa: mfuo wa tatu zinakusanyika mabonge kwenye kona. Ukiweka wadingi ya nailoni (pamba bandia ya kujazia) iwe nyembamba. Uzuri ni kwamba mfumo wa batiki uliobanana hauruhusu nyuzi za wadingi kuchomoza juu kama ndevu.

Bandika marekani sakafuni kwa plasta, ikazwe bila kuvutwa. Laza blanketi, kisha uso. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja. Punguza mgandamizo wa mguu wa cherehani, badilisha sindano iwe 14, mishono 8 kwa inchi. Anza mstari wa katikati, kisha ulio kulia kwake, halafu wa kushoto, na yote uishone kwa kuelekea upande mmoja. Ukienda huku na kurudi kule, tabaka la juu linasukumwa kinyume kila mara na mfarishi unajinyonga. Mzigo wote uuwekee meza kushoto kwako, ukining'inia unavuta sindano na kuivunja.

Kwa mkono? Batiki inachosha vidole. Afadhali ufunge mafundo ya uzi mnene kila baada ya inchi 4.

Batiki niliyonunua ni ngumu, na pasi inateleza na kutoa moshi. (Msomaji, Mombasa)

Hiyo nta haijatoka yote. Iweke katikati ya karatasi za kaki (gazeti litakuachia wino), piga pasi, badilisha karatasi mpaka zisilowe tena. Kisha ichemshe na sabuni. Toa kitambaa maji yangali ya moto, la sivyo nta inakirudia. Maji yakipoa itaganda juu kama mafuta ya supu. Iengue, na maji hayo usiyamwage kwenye sinki.